Tairi la Nyuma Lililotupeleka Kirando

Ndugu zangu wa barazani, nimechoka kusimulia habari hii vipande vipande. Mmoja ananishika dukani nikipima sukari, mwingine ananikamata mlangoni mwa msikiti hata viatu sijavaa, na kila mmoja anakuja na hadithi yake aliyoipata kwa mwenzake. Kuna mtu huko Kasense anaapa kwamba tulipinduka na kuviringika mpaka bondeni. Hatukupinduka hata mara moja. Basi naandika yote tangu mwanzo, msomeane, na atakayeniuliza tena baada ya hapa ataninywesha chai.

Shida yangu mnaijua. Nilikuwa nataka kumwoa Zuhura, binti wa Mzee Ramadhani wa Kirando, yule mwenye biashara ya samaki kule ziwani. Nilimwona alipokuja kumtembelea dada yake hapa mjini, na tangu siku ile akili yangu dukani ilikuwa haitulii, nikawapa watu chumvi wakiomba sabuni. Habari zikamfikia Mzee Ramadhani, naye akanitumia neno kwa mchukuzi wa samaki: watu wa Kipili nao wanamtaka Zuhura, na wanakuja Jumamosi. Kama mimi ni mtu wa maana, nifike Ijumaa pamoja na mkubwa wangu wa kunisemea. Nisipofika, nisimlaumu mtu.

Baba yangu ni marehemu. Mkubwa niliyebaki naye ni Shangazi Mwajuma, dada yake baba, ambaye nyote mnamjua na nyote mnamwogopa. Lori la kwenda ziwani lilikuwa limekatika ekseli, limelala juu ya mawe pale sokoni, na kuku wameshaanza kutagia chini yake. Ikabaki pikipiki yangu, ile kubwa niliyoachiwa na Mwingereza mmoja wa kazi za barabara alipokwenda kwao, yenye kigari cha gurudumu moja kilichofungwa ubavuni. Nguvu inayo tele. Wasiwasi wangu ulikuwa tairi la nyuma, maana hilo ndilo linalobeba na hilohilo ndilo linalosukuma, na kashata zake, yaani yale meno ya kushika barabara, zilikuwa zimebaki kidogo. Jipya halikupatikana hapa wala Mbeya.

Sumbawanga mpaka Chanji

Mtacheka kwamba naihesabu hii kuwa safari. Kutoka kwetu mpaka Chanji mtu akikohoa unamsikia. Lakini mambo yalianzia hapo.

Yule Mwingereza alinifundisha jambo moja kabla hajaondoka, na alilirudia mpaka likaniingia. Tairi likiwa na upepo mdogo kuliko mzigo, linatanuka kando, linapata joto, na linaliwa pembeni. Likiwa na upepo mwingi kupita kiasi, linasimama kwa katikati tu, linarukaruka, na linaliwa katikati. Kwa hiyo kabla ya kujaza upepo, ujue kwanza unabeba nini. Maneno mazuri sana hayo, ila Mwingereza yule hakuwa na shangazi.

"Shangazi," nilimwambia asubuhi ile ya Jumatano, baridi inatutoa moshi mdomoni, "nataka kujaza upepo. Sasa sijui mzigo..."

"Mzigo gani?"

"Mzigo wa jumla."

"Unataka kusema mimi mnene?"

Nikasema hapana, Shangazi, hata kidogo. Nikajaza upepo wa mtu mwembamba.

Majirani walitoka wote kuja kumwona akiingia kigarini. Aliingia kwa heshima, akajifunika khanga tatu, akasema bismillah, tukaondoka. Hatujafika Chanji, pikipiki inavuta upande mmoja kama punda aliyeona nyumbani kwao. Nikashuka nikaangalia. Tairi la nyuma limetanuka kando, ukiligusa lina joto, na siku yenyewe ilikuwa ya kukunja mikono kwapani. Nikachomoa pampu, ambayo hufungwa kwenye chuma pale chini ya tangi, mahali ambapo kila mtu anaiona. Mkumbuke hilo. Nilipoinama kujaza, khanga ya Shangazi ikapeperuka na upepo, nikaona chini ya miguu yake gunia la maharage, debe la ulezi na mchi wa kutwangia.

"Shangazi, hivi vyote vimeingia saa ngapi?"

"Ulipokwenda kunawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa. Huwezi kwenda kwa wakwe na mikono mitupu."

Kweli ningekataa. Basi nikajaza sawasawa na mzigo, nikabonyeza kwa goti, likakubali kidogo na kukataa kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Tulipoondoka Chanji tairi lile lilikuwa sawa kabisa. Nalisema hili kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho.

Chanji mpaka Kate

Daraja la njia kubwa lilikuwa limekwenda na maji, tukaelekezwa tuzunguke kwa Kate. Jamani, nchi yetu ni nzuri. Nimezaliwa hapa na sijawahi kuiona namna ile, vilima mgongo kwa mgongo, majani mpaka macho yanachoka, na mashamba yenye matuta ya mviringo wameyafukia nyasi ndani. Nilikuwa naimba. Shangazi alinikataza, nikaendelea kimoyomoyo.

Sasa, nyinyi wa mjini mmeanza kusahau salamu za Kifipa. Huko mashambani hazijasahauliwa. Mtu akituona anatoka njiani, anachuchumaa, anapiga makofi polepole, viganja vimekutana vizuri, na anangoja. Mimi nilitaka kupunga mkono nipite.

"Simama," alisema Shangazi.

"Shangazi, Ijumaa..."

"Mtu amekupigia makofi, wewe unampigia vumbi? Simama."

Nikasimama. Nikazima mashine, nikachuchumaa, nikapiga makofi. Habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za huko mtokako, za huyo mama aliyekaa kwenye beseni la chuma. Kisha nikapiga mashine teke mpaka ikawaka, tukaenda kidogo, na mbele amesimama mwingine. Mguu wangu wa kulia ulivimba kwa mateke ya kuwasha. Moyoni niliwaona watu wa Kipili wamekaa mkekani wanakula pilau yangu, na hofu ikanishika hasa.

Jioni tukaingia Kate, tukapokewa na Mzee Gaspari, mkulima wa pale, Mkristo, mpole, mwenye baiskeli anayoifuta kila siku kwa kitambaa chake maalumu. Alitukaribisha kana kwamba alikuwa anatungoja tangu mwaka jana. Akaleta jogoo hai.

"Nyinyi Waislamu," alisema, "kwa hiyo utachinja mwenyewe, ili ule kwa amani."

Ni heshima kubwa hiyo, na nilimshukuru kwa dhati. Nikaenda nyuma ya nyumba na jogoo wangu. Niliporudi, Mzee Gaspari alikuwa amesimama kando ya pikipiki, jasho linamtoka, pampu yangu mkononi.

"Nimekuongezea," alisema.

"Umeongeza nini, Mzee?"

"Upepo. Gurudumu lilikuwa linabonyea. Sisi wenye baiskeli, mgeni akija na chombo chake, hatoki hapa tumbo likiwa tupu na mpira umelegea. Itakuwa aibu kwetu."

Nikaligonga tairi kwa spana. Likalia kama kengele. Nikafungua mdomo nimweleze habari za katikati na pembeni, nikauona uso wake. Amefurahi mzee wa watu, amechoka kwa ajili yangu, anangoja nimwambie asante. Shangazi ananitazama kwa jicho lile. Nikasema asante. Tukala ugali wa ulezi, jogoo na maharage, chakula kitamu mpaka nikasahau tairi.

Asubuhi, nilipokuwa natawadha, shemeji yake naye alikuja kuongeza kidogo, maana hakutaka thawabu yote iwe ya Mzee Gaspari peke yake.

Kate mpaka Namanyere

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Tuwaage vizuri, tufike kwenye kona, nipunguze upepo mahali wasiponiona. Tukafika kwenye kona. Nikashuka, nikabonyeza kisindano cha vali, tairi likaanza kupiga mluzi. Raha iliyoje. Nikageuka kumchekea Shangazi, na nyuma yake nikamwona mke wa Mzee Gaspari amesimama na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Tulivisahau, na mama wa watu alikuwa ametukimbilia.

Alilitazama tairi. Akanitazama mimi. Mluzi unaendelea.

"Hukuupenda?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nawaambieni, sijawahi kuona aibu namna ile. Ni sawa na mtu kukukuta unamwaga nje uji aliokupikia. Shangazi akasema kutoka kigarini, bila haraka, "Anauonja tu, mama. Ameusifu sana."

Uso wa yule mama ukafunguka. "Basi ngoja nimwite mzee aje afidie alichoonja."

Na Mzee Gaspari akaja, na shemeji, na wakafidia, na wakapitiliza.

Kutoka pale pikipiki haikuwa inakwenda, ilikuwa inacheza ngoma. Barabara ya vilima vidogovidogo kama ubao wa kufulia, na tairi gumu halimezi hata kimoja. Nilimwona Shangazi kwa jicho la pembeni, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka, na maneno yake yalinifikia yamekatika: "Sa... idi... uta... niua." Nikasimama kumwomba radhi, nikaangalia tairi. Katikati lilikuwa limelika, utepe laini unaozunguka wote, upana wa vidole vitatu, na huko pembeni kashata zimekaa nzima bila kazi. Nikapunguza upepo kidogo. Lakini akatokea mtu anapiga makofi njiani, nikaacha.

Namanyere nilikuwa nimeshapata akili. Tulifikia Alhamisi kwa mwenye duka mmoja, Mwislamu mwenzetu, mtu wa heshima. Kabla sijashuka nilichomoa pampu, nikaingia nayo ndani. Nikanawa nayo, nikaswali imelala mbele ya mkeka, nikala wali na samaki wa migebuka waliokaushwa nikiwa nimeibana kwapani.

"Kijana," aliuliza mwenye nyumba, "hiyo pampu ni ya dhahabu?"

Nikamwambia ninaipenda tu. Watoto wakacheka. Nikajiona mshindi, nikaongeza wali. Kisha nikasikia huko nje sauti, fwa, fwa, fwa. Mwenye nyumba alitabasamu.

"Ni ndugu yangu huyo. Tuna pampu yetu, ile ya lori, ya kukanyaga kwa mguu. Mgeni wetu hawezi kuondoka hapa na mpira umelegea."

Shangazi aliinamisha kichwa kwenye sahani. Nilidhani anakiombea dua chakula, kumbe anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Kushuka ziwani

Ijumaa tuliondoka mapema. Nje ya Namanyere nilitazama mbele, nyuma, vichakani na juu ya kichuguu, kisha nikatoa upepo mpaka goti likasema basi. Lakini tairi lilikuwa limeshakula chumvi yake yote. Katikati zilianza kuonekana nyuzi nyeupe.

Kisha nchi ikaisha. Mnafika ukingoni, na chini kabisa kuna ziwa, na joto linapanda kutoka huko na kukugonga usoni. Njia ni mawe, kona na breki. Nilikuwa na hofu na furaha kwa pamoja; kule chini, kwenye ule moshi wa nyumba, alikuwamo Zuhura. Joto nalo likaingia tairini na upepo ukavimba humo ndani.

Likapasuka. Mlio wake uliamsha nyani wa bonde zima. Shangazi akatoa shahada kwa sauti kamili, mwanzo hadi mwisho, kisha akafungua jicho moja akaona bado yupo.

Mpira wa ndani ulichanika vibaya, hauzibiki kwa kiraka. Nikakimbilia ule wa akiba niliouweka chini ya kiti cha kigari. Mchi wa Shangazi ulikuwa umeutwanga njia nzima tangu Sumbawanga. Ukiuinua unaona ziwa upande wa pili.

Nikakaa chini nikalia. Sifichi, nililia. Jua lilikuwa linasogea, saa ya sala ya Ijumaa inakuja, na kesho ni Kipili. Nikamwambia Shangazi kwamba imekwisha, Zuhura si wangu.

Shangazi akatoka kigarini mwenyewe, bila kushikwa mkono, mara ya kwanza tangu Sumbawanga. Akajifunga khanga kiunoni.

"Nyasi si hizi hapa?"

"Nyasi za nini?"

"Mwanamke wa Ufipa anafukia nyasi kwenye tuta tangu hajaota meno ya pili. Tairi nalo ni tuta. Toa kisu."

Tukakata majani mabichi. Mimi nikaanza kushindilia kwa mpini wa spana, akanisukuma pembeni, akachukua ule mchi wake, akashindilia. Konzi kwa konzi, anazungusha, anaongeza, mpaka tairi likakataa. Pale palipopasuka tukafunga kwa vipande vya khanga yake ya chini. Halikuwa gumu wala laini. Niliweka goti, nikaona ajabu: lilikubali kidogo na kukataa kidogo. Shangazi akaniuliza, "Huyo Mwingereza wako angesemaje?" Nikasema angevua kofia.

Tukashuka polepole, majani yanachomoza kila upande, na harufu yetu ni ya paa jipya la nyasi.

Kirando

Mbuzi wa kwanza alitokea kwenye nyumba za mwanzo. Alinusa tairi, akaona ni majani mabichi, mabichi hasa, wakati huko chini yote yamekauka. Akaanza kutufuata kwa haraka, anang'ata pale anapopata. Mwenzake akaona. Kisha wakaja wote. Nilitaka kuongeza mwendo, majani yakawa yananyofoka; nikipunguza, mbuzi wanakula. Nikachagua katikati. Tukaingia Kirando namna hiyo, saa ileile watu wanatoka msikitini na kanzu zao nyeupe, mimi mbele nimejaa vumbi, Shangazi amekaa wima kigarini, na nyuma yetu kundi la mbuzi linalia.

Mzee Ramadhani alikuwa amesimama barazani kwake na wazee wenzake. Nilizima mashine, nikashuka, nikampa shikamoo. Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa nyuma yangu. Akageukia wenzake.

"Mnaona? Nilidhani kijana wa duka atakuja na maneno matupu. Amekuja na mbuzi siku ya kwanza." Akashuka barazani kuwakagua. "Mbuzi wazuri. Wamenona."

Mzee Ramadhani akamshika mmoja kichwa, akamgeuza.

"Huyu ana sikio lililochanika," alisema polepole. "Huyu ni wangu."

Akamshika wa pili. Akamtazama kwa muda mrefu zaidi.

"Na huyu ni wangu."

Hapo nilijua kweli kwamba nimempoteza Zuhura, nikashika usukani kwa mikono miwili. Shangazi akazungumza akiwa bado kigarini, kwa sauti yake ileile ya kuagiza chumvi.

"Mzee mwenzangu, mbuzi hatukuleta. Hao ni wako, wanafuata majani yaliyo ndani ya tairi, maana upepo wetu uliisha mlimani. Tulicholeta ni maharage, ulezi na kijana huyu. Amesimama kwa kila mtu aliyetupigia makofi njiani, na hakumkatalia mtu hata pale ukarimu ulipomlia tairi lake lote. Mlimani alilia akidhani hatafika kwako. Mahari tutazungumza tukishapewa maji ya kunywa."

Mzee Ramadhani akainama, akaingiza kidole tairini, akatoa jani.

"Umeshuka ule mlima na tairi hili?" aliniuliza.

"Nimeshuka."

"Na wewe ulikuwa humo ndani?" akamgeukia Shangazi.

"Kwani ningekuwa wapi?"

Alianza kucheka kidogokidogo, kisha akaketi kwenye ngazi, kofia ikamwanguka, na wazee wote wakachukua kicheko kutoka kwake.

Tukakaribishwa ndani, tukapewa maji, tukapewa wali. Shangazi na Mzee Ramadhani wakazungumza yao, na mimi nikatazama mkeka kama inavyotakiwa. Mwisho Mzee akasema kwamba yeye hana neno baya nami, ila binti hauzwi kama samaki, ataulizwa mwenyewe. Mkewe akainuka, akaingia nyuma ya pazia. Alikaa huko. Nilisikia minong'ono, kisha kimya, kisha minong'ono tena.

Mama yake akatoka.

"Hajasema ndiyo, hajasema hapana," alisema. "Ameuliza swali."

"Swali gani?" akauliza Mzee Ramadhani.

"Anasema amechungulia dirishani. Kile kigari kina kiti kimoja tu. Anauliza, akikaa yeye, Shangazi atarudi Sumbawanga na nini?"

Shangazi akapiga kigelegele palepale alipoketi. Mimi nikabaki nimekunja miguu kwa adabu, nafuta machozi kwa mkono wenye grisi.